Umeniulia Kuku kwa Mdomo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni Jumapili ile ambayo kuku niliyekwisha kumtangaza kuwa amekufa alifika kanisani mzima, kichwa nje ya kikapu, akiwatazama washirika kama mgeni rasmi. Cheka, mwanangu. Mimi mwenyewe nacheka sasa. Siku ile sikucheka, maana kuku yule nusura amtoe mume wangu mimbarani, na mimi na wanangu atutoe kwenye nyumba tuliyokuwa tukilala.

Nakuandikia wewe unayechumbiwa na kijana wa chuo cha Biblia. Nimesikia mama zako wa kanisani wanakufundisha kufunga kilemba, kukaa benchi la mbele na kutabasamu hata viatu vikikubana. Vizuri, jifunze. Mimi nitakuambia yale ambayo hawayasemi. Shule sikuipata. Darasa la nne baba alinitoa nikalinde ndege kwenye uwele wake huko Mtinko, na tangu hapo kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii miwili. Kwa hiyo ukiona sentensi yangu imepinda, inyooshe mwenyewe. Ukiona neno langu ni kali, liache hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa chini minadani na maduka yakaanza kuwa na sabuni bila foleni. Mume wangu, Baba Elinipa, alikuwa ametoka kubarikiwa uchungaji, akapangiwa usharika upande wa Iguguno. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, watoto wawili, na Kinyiramba changu kilikuwa kinachechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba, maana mimi ni Mnyaturu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ilikuwa ndefu na kila mshirika alikuwa ameshika kipande chake.

Jumapili ya kwanza wanawake walinikaribisha kwa desturi yao. Walikuja wakiimba mpaka mlangoni, mmoja na ungo wa mtama, mmoja na mzigo wa kuni, mmoja na mbegu za maboga, na wengi na kuku. Kuku wa kumkaribisha Mama Mchungaji, mwanangu, si kitoweo. Anakuambia: kaa hapa, zaa hapa, tumekukubali. Wa mwisho kuja alikuwa Bibi Rebeka, mjane mwenye nyumba ya tembe ng'ambo ya korongo. Aliniletea kuku kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mweusi, kidole kimoja cha mguu wa kushoto kimekatika. Alipiga goti kunikabidhi, yeye aliyezidi umri wa mama yangu. Nilitaka ardhi inimeze.

"Huyu usimle," aliniambia. "Mfuge. Anaatamia vizuri kuliko wanawake wengine ninaowajua."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikampokea kwa mikono miwili. Furaha ya siku ile sijaisahau. Usije ukadhani nimekuja kukutisha tu. Hakuna binti wa mkulima anayepokelewa hivyo popote, isipokuwa mke wa mchungaji.

Lakini furaha ya kupokelewa haijazi chungu. Nyumba ile ilikuwa ya kanisa, shamba la kanisa, hata kisima cha kanisa. Mgeni wa jimbo akija na wenzake sita bila taarifa, sufuria ni yangu. Mshirika akigombana na mumewe, kitanda cha kulala ni changu. Posho ya mchungaji ilitegemea mvua. Mvua ikigoma, nayo inagoma. Na katika kukosa huko, nisionekane nimekosa. Nikivaa gauni la zamani wanasema ninamtia aibu mtumishi. Nikivaa jipya wanauliza sadaka inakwenda wapi. Elinipa wangu akilia kwa njaa kanisani, kina mama wanageuka kuangalia mama yake ana nini. Mwanangu, walinipa kuku kwa upendo, halafu wakawa wanahesabu mayai.

Basi akatokea Fundi Juma kutoka Singida mjini. Alikuwa na mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, chuma kizito chenye mpini mrefu. Unaanika mbegu juani mpaka ziwe moto, unazimimina juu, unausukuma mpini juu na chini, mafuta yanachuruzika huku, mashudu yanatokea kule. Nilipoyaona yale mafuta ya kwanza yakidondoka, ya rangi ya asali, kitu kilinishika moyoni ambacho hata mahubiri ya mume wangu hayajawahi kunishika hivyo, na Mungu anisamehe. Alizeti ilikuwa kila shamba, na sisi wote tulikuwa tunauza magunia kwa wenye malori kisha tunanunua mafuta yaleyale yakirudi kwenye makopo.

Fundi hakutaka hela, maana alijua sina. Alitaka kuku. "Nipe kuku thelathini, dada yangu, mashine iwe yako. Mnadani kuku ndiyo hela."

Wangu mwenyewe na wa kukaribishwa walifika thelathini kamili, kishingo akiwemo.

Hapa ndipo nilipokosea, na sikiliza vizuri kosa langu ni lipi, kwa sababu watu wa kule wanalisimulia vibaya mpaka leo. Kutoa kuku kwa mashine lilikuwa jambo la akili. Kosa langu ni kwamba niliwatoa kwa siri, alfajiri, midomo yao imefungwa kwa nyuzi, mume wangu akiwa ziarani kwenye mitaa ya usharika kwa baiskeli. Aliporudi akakuta banda tupu. Akauliza, na mimi mdomo ukanitangulia.

"Kideri, Baba Elinipa. Ugonjwa umepita kama moto. Wote."

Kwa nini nilisema hivyo? Niliogopa. Nilijua wazee wa kanisa watasema zawadi ya usharika imeuzwa. Na kuhusu mashine nikamwambia kuwa Fundi ameniazima nijaribu. Uongo haukai peke yake, mwanangu, huwaalika na ndugu zake.

Mume wangu alikuwa mtu anayeamini anachoambiwa na mkewe. Jumapili iliyofuata akasimama mimbarani, akatangaza kwamba kideri kimeingia nyumba ya mchungaji, akaombea mifugo ya washirika wote kwa sauti ya kutetemeka. Mimi benchi la mbele, kilemba changu kimenyooka, nikaitikia amina.

Unajua watu wetu wakisikia kideri wanafanyaje. Hawasubiri kuku afe. Wiki ile kijiji kizima kilinukia mchuzi. Mama mmoja wa kwaya alichinja kuku watano waliokuwa wanataga. Mwingine alichinja mpaka aliyekuwa juu ya mayai. Nao kila wakipita kwangu wananipa pole! Bibi Rebeka alivuka korongo na fimbo yake, akaja na pilipili za kusaga na majivu nipake banda, akakaa nami kwenye kigoda, akanishika mkono. "Pole, mjukuu wangu. Kuku watarudi. Cha msingi wewe na watoto ni wazima." Nikainamisha kichwa. Akadhani nalia kwa ajili ya kuku.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mnada wa Iguguno. Fundi Juma hakujua kuwa kuna siri. Mimi sikumwambia, na yeye ni Mwislamu, ya kanisani kwetu hayamhusu. Akapanga kuku wake chini, akaanza kunadi kwa sauti yote aliyojaliwa: "Kuku wa Mama Mchungaji hawa! Wamelelewa ubavuni mwa kanisa! Wamesikia Neno mpaka wamenenepa!" Watu wakavunjika mbavu. Na katika waliosimama kucheka alikuwepo Bibi Rebeka, amekuja kuuza vitunguu. Akamwona kishingo. Akautazama mguu wa kushoto. Akatoa vitunguu vyake vyote, akamchukua kuku, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi mchana nilikuwa nyuma ya jiko nimeshika mpini wa mashine, baba mtu hayupo. Nikasikia hodi.

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

Hakusema marahaba. Mwanangu, kwetu mkubwa akiacha shikamoo yako hewani, ni kama amekupiga kofi. Alifungua khanga, na shingo nyekundu ile ikachomoza.

"Nimekuja kukuonyesha muujiza," alisema. "Huyu alikufa."

Nikaanza kusema maneno, sijui maneno gani.

"Nyamaza. Ungeniambia, Bibi, nataka kumtoa kuku wako nipate chuma hiki, ningekuongezea na jogoo. Kumtoa si kitu. Mimi nimekuwa mjane na watoto saba, najua mkono mtupu haulambwi. Lakini wewe umeniulia kuku kwa mdomo. Umeniacha nije nikulilie. Umemweka mumeo mbele za Mungu anaombea ugonjwa usiokuwepo. Na wenzio wamekula mayai yao ya mwaka mzima kwa sababu yako."

Nilipiga magoti pale kwenye mashudu. Nikamwomba asiseme.

"Mimi sitasema," alinijibu. "Kesho nitamtoa sadaka. Atanadiwa mbele ya watu kama sadaka nyingine zote. Sasa chagua. Utasema wewe, au atasema kuku?"

Akageuka. Alipofika kwenye uzio akasimama, akaitazama ile mashine tena, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na gunia moja linatoa madebe mangapi?" Kisha akaondoka bila kungoja jibu.

Jua likiwa halijazama, mume wangu akarudi. Nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Hakunigomba. Afadhali angenigomba. Alisema tu, "Nilisimama mimbarani, Mama Elinipa." Akalirudia. Kisha akasema, "Kesho nitawaambia mimi nilikosea taarifa. Nitalibeba."

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoacha kuwa mtoto. Niliona kwamba nikimwacha alibebe, nitakuwa nimeishi maisha yangu yote nyuma ya kanzu yake. Nikamwambia, "Hapana. Mdomo uliomuua kuku ndio utakaomfufua."

Kwetu, ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanatoka nje, mbele ya mlango wa kanisa, sadaka za mazao zinanadiwa: mayai, maboga, debe la uwele, asali, kuku. Aliyekuwa akinadi ni Mzee Msengi, mkubwa wa wazee wa kanisa, mrefu, koti jeusi hata jua likiwa kali, mtu mwaminifu lakini aliyependa kila kitu kikae pale alipokiacha. Alinadi maboga, akanadi mayai, akaingiza mkono kwenye kikapu cha Bibi Rebeka akamtoa kishingo, akamwinua juu.

"Kuku kishingo! Nani anaanza?"

Kina mama wakaanza kunong'onezana. Walimjua. Kuku wa namna ile hawakuwa wawili pale kijijini. Bibi Rebeka alikuwa amekaa kwenye jiwe, ananitazama. Mume wangu akapiga hatua mbele. Nikamshika kanzu, nikapita mimi.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema. Wakaitikia. "Kuku huyu mnamjua. Mlinipa mimi. Nikawaambia amekufa kwa kideri. Kideri hakikuwepo. Nilitoa kuku wangu wote kwa Fundi Juma nipate mashine ya kukamua alizeti. Niliogopa maneno yenu, nikamdanganya mume wangu. Alichotangaza mimbarani alikitoa kwangu, yeye hana kosa. Mliochinja, nyumba kwa nyumba, mlichinja kwa ajili ya uongo wangu. Naomba mnisamehe."

Halafu yule mama wa kwaya akapasuka: "Watano! Watano wangu wanataga!" Na mwanamume mmoja nyuma akajibu, "Lakini mama, mbona ulisema mchuzi ulikuwa mtamu?" Watu wakaangua kicheko, na nikadhani nimepona.

Mzee Msengi hakucheka. Akamshusha kuku kwapani, akasema polepole, kila mtu asikie. "Kusamehe tutasamehe. Lakini mti umechipua kwenye mzizi, tuukate mzizi. Mke wa mchungaji ni wa kanisa. Haendi mnadani, hashiki mashine, hanuki mafuta. Huyu Mnyaturu wa Mtinko ametuletea soko kwenye uwanja wa Bwana. Mashine itoke leo, na aahidi hapa mbele ya watu. La sivyo barua inakwenda jimboni, watuletee mchungaji mwenye mke anayejua nafasi yake."

Hapo ndipo jaribu lilipokuwa, mwanangu. Neno moja la kukubali, na nyumba inabaki, usharika unabaki, mume wangu anabaki na heshima yake. Nilimgeukia. Alikuwa anatazama chini. Halafu akainua macho, akanitazama, wala hakutikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Aliniachia. Wanaume wengi watakushikia mkoba. Anayekuachia neno lako mwenyewe ni wa kutafuta kwa taa.

Nikasema, "Mzee wangu, shikamoo."

Alishangaa. "Marahaba."

"Uongo nimetubu, na nitatubu tena mkitaka. Mashine sitatubu. Mtoto wangu alipolia njaa humo ndani, hakuna mzee aliyeandika barua jimboni. Gauni langu mnaliona, hamjui nalifua saa ngapi likauke nilivae tena. Mume wangu ameitwa kuhubiri. Mimi sikuitwa kuombaomba. Mungu aliyempa yeye sauti ndiye aliyenipa mimi mikono, na sitaificha kwenye kitenge ili ninyi mlale vizuri."

"Ee!" mtu alisema. Wala sijui nani.

Nilikuwa nimekuja na kidumu cha mafuta, ya kwanza kukamua, nimeyachuja kwa kitambaa mpaka yanang'aa. Nikakiweka miguuni pa Mzee Msengi. "Hili ni limbuko la kazi yangu. Nanunua kuku yule kwa mafuta haya."

Uone sasa alivyokwama. Akiyapokea, amepokea mazao ya mashine mbele ya washirika wote. Akiyakataa, amekataa sadaka mlangoni mwa kanisa, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwahi kumkemea mtu kwa ajili yake. Akasimama, kuku kwapani, kidumu miguuni. Kina mama wakasogea kuangalia mafuta, mmoja akachovya kidole, akalamba, akamwambia mwenzake, "Ni alizeti yetu hii?" Na kishingo, labda alichoka kubanwa, akalichafua lile koti jeusi kuanzia kifuani mpaka mfukoni.

Bibi Rebeka akasimama na fimbo yake. "Mzee Msengi, kuku ameshaamua. Hesabu tatu watu wakale."

Alihesabu. Moja, mbili, tatu. Akanipa kuku wangu bila kunitazama.

Usidhani niliishia kubebwa juu. Barua ilikwenda. Mkuu wa jimbo alikuja, nikampikia kuku wa kuazima kwa mafuta yangu mwenyewe, akala, akasifu, akauliza mafuta yametoka wapi, nikamwambia. Akacheka kidogo, kisha akakata shauri: mchungaji abaki kwa sasa, lakini mashine isiwe kwenye uwanja wa kanisa. Nilijibu ndiyo Baba, na siku ileile tukaibeba wanne, tukaivusha korongo, tukaifunga nyumbani kwa Bibi Rebeka. Alikuwa ameshafyeka mahali pake. Kina mama wakaanza kuleta alizeti zao. Wa mwisho kukubali alikuwa mke wa Mzee Msengi, akija kwa kujifunika, mpaka Bibi Rebeka akamwambia kwa sauti, "Funua kichwa, mama, hapa hatukamui alizeti za wizi."

Lile deni la kuku waliochinjwa nilililipa kwa kishingo. Aliatamia kama nilivyoahidiwa. Kila kifaranga kilichokua nilikipeleka kwenye nyumba mojawapo niliyoidanganya, mchana, mlangoni, nikisema nimeleta nini na kwa nini. Yule mama wa kwaya alipokea watano. Wa tano alipofika akaniambia, "Sasa udanganye tena, Mama Mchungaji, banda langu bado lina nafasi."

Baada ya mavuno mawili tulihamishiwa usharika mwingine, karibu na Unyambwa. Wapo waliosema ni kwa sababu yangu. Labda. Mashine niliipandisha juu ya lori, juu ya vitanda, watu waione vizuri.

Kabla hatujahama Bibi Rebeka alifariki, na wanawe wakaniita mimi nimwoshe. Aibu ya maiti aijua mwosha, kwa hiyo ya chumbani yatabaki chumbani. Nitakuambia moja tu: viganja vyake vilikuwa laini kwa mafuta ya alizeti, mzee yule aliyelima miaka sitini. Nilivishika muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Hiyo nayo ni furaha ya mke wa mchungaji, mwanangu, ingawa haina kicheko. Unaitwa mtoto anapotoka na unaitwa mtu anapoondoka. Milango ambayo hata ndugu wanabisha, wewe unafunguliwa. Sijapata kazi nyingine yenye heshima hiyo, na ningeulizwa tena leo kama nitaolewa na Baba Elinipa, ningejibu ndiyo kabla hajamaliza swali.

Yeye amekwisha kutangulia. Alipofariki, wakaja kwa upole, wakanipa miezi ya kuiachia nyumba ya kanisa, maana mchungaji mpya anakuja na mkewe na watoto. Sikuwalaumu. Nyumba ya kanisa ina funguo mbili na hakuna hata mmoja ulio wako. Niliwaambia sihitaji miezi. Nilihamia siku ya tatu kwenye nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, bati la juu, iliyojengwa na alizeti. Nimewaona wajane wa wachungaji wenzangu, wanawake waliotabasamu benchi la mbele miaka thelathini, wakizunguka na mikeka yao kutoka kwa shemeji mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyekuwa mvivu. Waliambiwa wakae kwenye nafasi yao, wakakaa, na siku moja nafasi ikaondolewa.

Basi shika haya. Ukiolewa na mtumishi, mpende yeye, na uwapende watu wake, hata wale wanaohesabu mayai. Pokea zawadi kwa mikono miwili. Osha wafu, pokea watoto, pika kwa ajili ya wageni sita. Lakini uwe na kazi ya mikono yako, uifanye mchana kweupe, na usimwombe mtu radhi kwa ajili yake. Wazee wakikukemea, waamkie kwanza, kisha wajibu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kanisa nalo ni ndugu. Ukikosea, na utakosea, sema wewe kabla kuku hajasema. Na ukisingiziwa kosa lisilo kosa, usilitubu hata kama nyumba iko rehani, kwa sababu ukishatubu kisicho dhambi, watakutafutia kingine kesho.

Ukipita kijiji kile leo, tazama majalalani na chini ya maghala. Utaona kuku weusi wasio na manyoya shingoni, wanachakura kila nyumba, hata kwa wajukuu wa Mzee Msengi. Watoto wa kule wanadhani wamekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Waache wadhani hivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mume anayekuachia neno lako, Bibi wa ng'ambo ya korongo wa kukunyima marahaba unapostahili kunyimwa, na mikono ambayo haitakosa kazi hata siku kilemba kitakapovuliwa. Akubariki uingiapo kwenye nyumba ya kanisa. Na siku ya kutoka, akubariki uwe unajua unakokwenda.